Viraka Kenda: Namna ya Kuunga Bloku Yako ya Kwanza ya Mfarishi

Kila fundi wa Mji Mkongwe anayeshona mashati ya kanga na magauni ya kitenge ana kiroba pembeni ya cherehani yake. Humo hutupwa kona za mikono, masazo ya shingo, na vipapi vya pindo visivyotosha hata mkanda. Ukimwomba kwa adabu atakupa. Ukimpelekea na chupa ya juisi ya ukwaju, atakuchagulia mwenyewe vile vya pamba tupu. Hivyo ndivyo nilivyoanza mimi, na sasa kiroba changu hakifichiki tena chini ya kitanda.

Mfarishi ni neno la zamani. Wengi siku hizi husema kwilti, au blanketi la viraka. Kwa jina lolote, ni nguo ya matabaka matatu: juu uso wa viraka, katikati pamba au blanketi jepesi, chini kitambaa kizima, kisha yote yakapigwa sindano pamoja yasihamehame. Uso ule haushonwi wote kwa mpigo mmoja. Hushonwa kwa miraba iliyo sawasawa, na kila mraba huitwa bloku. Ukiweza bloku moja, mfarishi mzima ni kurudia.

Bloku ya leo ina viraka tisa, vitatu kwa vitatu. Bibi yangu angesema viraka kenda. Huko Marekani, ambako ufundi huu ulikita sana katika karne ya 19, watoto wa kike wengi walianzishiwa hii hii kwa sababu haina pembetatu wala mkunjo wowote: ni miraba na mishono iliyonyooka, basi. Lakini urahisi wake unadanganya. Viraka tisa hukutana katika pembe nne, na pembe hizo nne humsema fundi. Zikipishana hata kidogo, jicho huziona kabla ya kuona rangi.

Kwa hiyo nakwambia mapema jambo ambalo mimi nililijua baada ya kufumua bloku sita: kushona ndiko kurahisi. Bloku nzuri hufanywa na rula na pasi. Cherehani huja kuthibitisha tu.

Vitu vya kuwa navyo

Mkasi mkali ambao haujawahi kukata karatasi wala kufungulia paketi ya maziwa. Kama nyumbani una watoto, ufiche. Rula ya plastiki ya skuli, ile ya sentimita 30 yenye inchi upande wa pili. Penseli, au chaki ya fundi iliyochongwa ikawa nyembamba. Pini kama ishirini. Uzi wa rangi ya kijivu au ya maziwa, ambao hujificha katikati ya rangi karibu zote. Pasi. Kipande cha kadibodi ngumu. Na wembe wa kufumulia, maana utafumua.

Cherehani yoyote yenye kushona mstari ulionyooka inafaa. Ile ya kuzungusha kwa mkono ni bora zaidi kwa anayeanza, kwa sababu haikimbii. Unashona tundu kwa tundu, na ukikaribia ukingo unasimama pale unapotaka. Nami bado naipenda kwa sababu nyingine. Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kamili, cherehani za mkono na pasi za mkaa ndizo zilizofanya kazi. Huna cherehani kabisa? Shona kwa mkono, nitaeleza mbele.

Vipimo nitavitaja kwa inchi, kwa kuwa ndizo mafundi wetu wanazozitumia na ndizo zilizoandikwa kwenye futi ya kupimia mwili. Inchi moja ni sentimita mbili na nusu na kidogo. Robo inchi, ambayo utaisikia hapa mpaka uichoke, ni milimita sita na kidogo.

Kitambaa: hapa usifanye haraka

Tafuta pamba tupu. Kanga ya pamba, kitenge cha pamba, bafta, shuka la zamani lililolainika, shati la kazini lililochakaa kwapani lakini mgongo mzima. Acha vitambaa vya madera vinavyoteleza, acha satini, acha shifoni. Vinavutika kama mpira wa baiskeli, na mraba ulioukata saa nne hautakuwa mraba saa tano.

Huna hakika kama ni pamba? Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa koleo au kibanio, uzichome juu ya sinki. Pamba huungua ikawa jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kijidude kigumu kama ushanga.

Unahitaji makundi mawili tu: rangi iliyokoza na rangi nyepesi. Nitaviita vyeusi na vyeupe hata kama vyako ni buluu na manjano. Tofauti baina yao iwe kubwa, vinginevyo viraka tisa vitaonekana kama kitambaa kimoja chenye makovu. Jicho hudanganywa na rangi kali: kanga nyekundu na kanga ya kijani huonekana tofauti sana, kumbe ukoza wao ni mmoja. Vipige picha kwa simu, halafu igeuze picha iwe ya rangi nyeusi na nyeupe. Vikiwa kijivu kimoja, badilisha kimojawapo.

Kwa vyeupe, mimi hutumia bafta, au marekani, ile pamba ghafi yenye rangi ya maziwa ya mgando. Jina lake lina historia yake hapa kwetu. Baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, meli za Salem, Massachusetts zilishusha majora ya pamba hii Unguja, na konseli wao wa kwanza, Richard Waters, akafika mwaka 1837. Mpaka leo mtu anaingia dukani akaomba wari mbili za marekani bila kuwaza Salem wala Massachusetts. Kumbe kitambaa kilichokuja kwa meli hizo ni ndugu wa vile walivyoungia mifarishi yao wake wa mabaharia.

Kanga ina mambo yake. Kwanza, usiikate ya mtu. Kisutu cha harusi cha mama, doti aliyoiacha bibi, hiyo ni ya sandukuni. Tumia masazo, au kanga iliyokwisha chanika. Pili, angalia kama chapa imekaa sawa na uzi. Mara nyingi ua limechapwa likainama kidogo, na ukikata kwa kufuata ua, uzi unakwenda mshazari na kiraka kinavutika. Fuata uzi, ua lisameheke. Tatu, lile jina. Maandishi ya kanga yakikatwa huzaa maneno mapya. Bloku yangu ya pili ilikuwa na kiraka kilichosalia "NJOO MWENYE" tu, na kimelala kichwa chini. Wengine wanapenda hivyo. Mimi hukata kutoka kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo, jina nikaliacha zima pembeni nije kulitumia mgongoni mwa mfarishi.

Vifue vyote kabla ya kukata, kimoja kimoja. Kitambaa kipya huja na wanga unaokifanya kisimame kama karatasi. Ukifua huondoka, na pamba hurudi kidogo. Afadhali irudi sasa kuliko irudi baada ya kuungwa na jirani yake aliyekwisha kurudi. Halafu jaribu kama kinachuja: kilowanishe, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, ukikandamize dakika chache. Kitambaa cheupe kikitoka na doa, kifue tena mpaka kiache. Mimi sikujaribu. Nilimshonea mtoto wa wifi yangu mfarishi wa kanga nyekundu na bafta, ukafuliwa mara moja tu, na bafta yote ikawa rangi ya juisi ya tikiti. Wifi yangu ni mtu mstaarabu, alisema unapendeza. Watu huambiana kutia chumvi. Nimetia chumvi kilo nzima, nyekundu ile ikachuja vilevile. Kama hakikomi kuchuja, kiweke mbali na vyeupe.

Piga pasi vikiwa na unyevu kidogo. Kitambaa chenye mikunjo hakikatiki sawa.

Patani na kukata

Kila kiraka kitakuwa inchi 3 baada ya kushonwa. Unaongeza robo inchi kila upande kwa ajili ya mshono, kwa hiyo unakata inchi 3 na nusu kwa inchi 3 na nusu. Hesabu hii ishike: nusu inchi zaidi ya unachotaka kukiona.

Chora mraba wa inchi 3 na nusu kwenye kadibodi; hiyo ndiyo patani yako. Pembe usiikadirie kwa jicho. Karatasi mpya ya kuchapia ina pembe nne zilizo sawa. Weka kona yake kwenye kadibodi, chora mistari miwili, kisha pima. Ukimaliza, pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, una mraba. Vikitofautiana, una kishada. Kata kadibodi kwa kisu na rula, si kwa mkasi wako wa kitambaa.

Sasa kitambaa. Tafuta uzi ulionyooka kwa kuchana: kata mwanya mdogo pembeni, halafu chana kwa mikono miwili. Pamba iliyofumwa sawa huchanika kwa kufuata uzi wake. Ukingo huo piga pasi, kata nyuzi zinazoning'inia, na uanzie hapo. Laza patani upande wa nyuma wa kitambaa, ukingo wake ukienda sambamba na uzi, chora kwa penseli iliyochongoka, kata ndani ya mstari. Ukikata juu ya mstari, kila kiraka kitanenepa kwa unene wa penseli. Unene wa penseli mara tisa si mdogo.

Kwa bloku moja unahitaji vyeusi vitano na vyeupe vinne. Kipande cha inchi 4 kwa 20 kinatoa vile vitano, na cha inchi 4 kwa 16 kinatoa vinne. Ndiyo maana kiroba cha fundi ni hazina: vipande vya ukubwa huo huenda jaani kila siku.

Usikate tabaka nne kwa pamoja ili umalize mapema. Mkasi husukuma la chini, na vya chini hutoka na kiuno.

Kupanga mkekani

Tandaza viraka mkekani:

nyeusi – nyeupe – nyeusi
nyeupe – nyeusi – nyeupe
nyeusi – nyeupe – nyeusi

Rudi nyuma hatua mbili, ufinye macho. Vinaelewana? Ua kubwa limekaa katikati au limejibanza kona? Zungusha, badilisha. Ukiridhika, piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Paka wa kwetu wana imani kwamba kila kilichotandazwa chini kimetandazwa kwa ajili yao.

Hapa nikiangalia ile miraba mkekani huwa nakumbuka asili ya kanga yenyewe. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa mwambao walinunua leso za mraba zilizokuja katika jora bila kukatwa. Wakakata mapande mawili yenye leso tatu tatu, wakayaunga, wakapata nguo moja ya leso sita. Ikaitwa leso ya kushona. Wenye maduka walipoona nguo hiyo inavyopendwa wakaanza kuagiza iliyochapwa nzima, na hiyo ndiyo ikawa kanga. Kwa hiyo anayedai kuunga miraba ni mambo ya kigeni, mwambie nguo aliyojifunga kiunoni ilianza kwa miraba sita. Wewe unaongeza mitatu.

Robo inchi

Hapa ndipo wengi hupotea, nami nitakaa kidogo.

Fundi wa magauni huacha ukingo mpana, nusu inchi au zaidi, ili mteja akinenepa nguo ipanuliwe. Mfarishi haunenepi. Ukingo wake ni robo inchi, na uwe robo inchi kila mahali. Tuseme umekula milimita moja zaidi. Mshono mmoja huunganisha viraka viwili, kwa hiyo umeshapoteza milimita mbili. Safu ya viraka vitatu ina mishono miwili: milimita nne. Unga bloku kumi upana wa kitanda, pamoja na mishono inayoziunga zenyewe, na umepoteza karibu sentimita sita. Na ingekuwa heri zipotee sawasawa. Bloku moja hupungua na nyingine haipungui, kisha uso unavimba katikati kama chapati.

Mguu wa cherehani usiuamini mpaka umeupima. Kwenye baadhi ya cherehani ukingo wa kulia wa mguu uko robo inchi kutoka sindano. Kwenye nyingine uko mbali zaidi. Shusha sindano taratibu juu ya rula mpaka ncha iguse alama ya inchi moja, kisha tazama robo inchi inaishia wapi upande wa kulia. Bandika hapo kipande cha plasta ya dukani, ikiwezekana tabaka mbili tatu ili kuwe na ukuta mdogo. Kitambaa kitatambaa kando ya ukuta huo, na wewe utaangalia ukuta, si sindano.

Sasa jaribio, ambalo usiliruke. Kata vipapi vitatu vya inchi 1 na nusu kwa upana, urefu wowote. Viunge pamoja ubavu kwa ubavu, piga pasi, halafu pima kile cha katikati. Kinatakiwa kiwe inchi 1 kamili. Kikiwa chembamba, plasta yako iko mbali na sindano, isogeze karibu. Kikiwa kipana, isogeze nje. Rudia mpaka kipatane. Nilipoteza mchana mzima kwenye jaribio hili mara ya kwanza, na sijapoteza mchana mwingine tangu siku hiyo.

Sindano namba 14 inatosha kwa kanga na kitenge. Kwa bafta nyembamba weka namba 11. Tundu ziwe ndogo, kama kumi na mbili katika inchi moja. Na kama sindano imekaa miezi kwenye mkebe, iangalie kutu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma, na sindano yenye kutu huvuta uzi.

Kushona safu

Chukua kiraka cha kwanza na cha pili cha safu ya juu. Viweke uso kwa uso, kingo zilingane, tia pini mbili zikiwa zimelala kukata njia ya mshono. Shona kutoka ukingo hadi ukingo. Huna haja ya kurudi nyuma mwanzo na mwisho, kwa sababu mshono mwingine utakuja kuupitia huu na kuufunga. Chomoa kila pini kabla haijafika chini ya sindano. Kuna watu watakwambia cherehani hupita juu yake, na watu hao hununua sindano nyingi.

Ukimaliza jozi hiyo usikate uzi. Shona tundu tatu nne hewani, kisha ingiza jozi ya kwanza ya safu ya pili, halafu ya safu ya tatu. Zitatoka zikining'inia kama bendera za siku ya harusi. Kata nyuzi baina yao, kisha rudia kwa kuongeza kiraka cha tatu kwenye kila safu. Kabla ya kila jozi tazama ile picha kwenye simu. Kosa la kawaida kabisa ni kuunga kiraka ubavu usio wake na kupata safu ya nyeupe–nyeusi–nyeusi.

Kwa walio na cherehani yenye ubishi wa kumeza kona ya kitambaa mwanzoni: anza na kijitambaa cha taka, kishone, kisha kiraka chako kifuate nyuma yake bila kukata. Cherehani itameza taka, iache chako.

Pasi

Kupiga pasi gauni na kupiga pasi viraka ni mambo mawili. Gauni unaiburuta pasi. Kiraka unaiinua na kuishusha, unakandamiza, unainua tena. Ukiiburuta, unakivuta kitambaa, na mraba wako unageuka andazi.

Kunja blanketi la zamani mara mbili sakafuni, juu yake shuka safi. Kwanza kandamiza mshono ukiwa bado umefungwa, kama ulivyotoka kwenye cherehani. Hii huulaza uzi ndani ya kitambaa. Kisha fungua, na kingo zote mbili za mshono zilaze upande mmoja, upande wa kiraka cheusi. Usizipasue moja huku moja huku kama mshono wa suruali. Zikilala upande wa cheusi hazionekani kupitia cheupe, na zinakupa zawadi nyingine utakayoiona sasa hivi.

Katika safu ya kwanza na ya tatu, vyeusi viko nje, kwa hiyo kingo zinalala kuelekea nje. Katika safu ya pili cheusi kiko katikati, kwa hiyo zinalala kuelekea ndani. Safu zikikutana, mshono wa juu umelala kulia na wa chini umelala kushoto. Kimoja ni ngazi, kingine ni ngazi iliyopinduliwa, na vinashikana.

Anayetumia pasi ya mkaa aifute tako lake kwa kitambaa kibichi, ajaribu kwanza juu ya tambara, na apeperushe jivu nje kabla hajaileta karibu na bafta. Mvuke mwingi usitumie kwa pasi yoyote. Pamba iliyolowa huvutika.

Pima kila safu sasa: inchi 3 na nusu kwa kimo, inchi 9 na nusu kwa urefu. Kiraka cha katikati kiwe inchi 3 kamili kutoka mshono hadi mshono. Kama hakiwi, fumua sasa. Pitisha ncha ya wembe chini ya kila tundu la tatu au la nne upande mmoja, kisha vuta uzi wa upande wa pili; utatoka mzima. Wembe ukate uzi, usielekee kidole.

Kuunga safu tatu

Laza safu ya pili juu ya ya kwanza, uso kwa uso. Sasa hiyo zawadi: shika mahali mishono miwili inapokutana, uzisugue safu kwa kidole gumba na cha shahada. Utahisi kingo zinatelezeana, kisha zinagota. Zikigota, pembe zimekutana. Tia pini hapo hapo. Fanya hivyo kwenye mshono wa pili, kisha kwenye ncha mbili za safu.

Baina ya pini, kitambaa kimoja kinaweza kuwa kirefu kuliko mwenzake kwa unywele. Weka kile kirefu chini, upande wa meno ya cherehani. Meno hukisukuma kidogo kidogo na kukila kile kilichozidi. Ukifika kwenye pembe punguza mwendo, zungusha gurudumu kwa mkono, na uangalie ukingo wa chini usije ukajikunja kuelekea nyuma. Ukijikunja utaona uvimbe kwa mbele, na hakuna pasi ya kuuondoa.

Fungua utazame kabla ya kuendelea. Pembe zimekaa kama alama ya kujumlisha? Endelea na safu ya tatu. Zimepishana kwa unene wa uzi mmoja, ziache. Ukishaweka pamba na kupiga sindano hazitaonekana. Zimepishana milimita mbili, fumua inchi moja tu kulia na kushoto ya pembe, rekebisha, shona tena. Si lazima ufumue safu nzima.

Mishono hii miwili mirefu ilaze upande wowote, mradi yote miwili ifuate mwelekeo mmoja. Bloku yako sasa iwe inchi 9 na nusu kila upande. Ikishaungwa na wenzake itabaki inchi 9.

Imetoka inchi 9 na robo? Usiivute kwa pasi. Shona nyingine kwa namna ile ile uone. Zikitoka zote inchi 9 na robo, una kipimo chako, na mfarishi hautajua. Tatizo ni zinapotoka kila moja na yake. Hapo rudi kwenye plasta. Usikate bloku kubwa ili ilingane na ndogo, kwa maana utakula viraka vya pembeni na vya katikati vitabaki vikubwa.

Kwa sindano ya mkono

Chora kwa penseli mstari wa kushonea nyuma ya kila kiraka, robo inchi kutoka ukingo, pande zote nne. Tia pini mstari juu ya mstari: ipitishe kwenye pembe ya mstari wa mbele na itokee kwenye pembe ya mstari wa nyuma. Shona bandi ndogo ndogo, nane hadi kumi kwa inchi, na kila baada ya sindano chache rudi tundu moja nyuma ili mshono usilegee. Anza kwa fundo na umalizie kwa kurudi mara mbili. Bloku moja huchukua jioni moja au mbili barazani. Anayejua kushona kofia ya vitobo, au aliyewahi kuunga ukili kwa ukili mpaka ukawa mkeka, mikono yake imeshajua kazi hii. Inabaki kuzoea kitambaa.

Nimeona bloku za mkono zilizonyooka kuliko zangu za cherehani. Na zile za wanawake wa Gee's Bend, Alabama, waliounga nguo za kazi zilizochakaa, zilitundikwa kwenye makumbusho ya Houston na New York mwaka 2002 huku mistari yake mingi haijanyooka kabisa. Lakini wale walipinda kwa kukusudia. Wewe nyoosha kwanza.

Bloku ikishakuwa bloku

Moja, ukiitia blanketi kuukuu katikati na bafta nyuma, ni kitambaa cha kuwekea sufuria ya moto. Nne ni mto wa inchi 18. Ishirini, nne kwa tano, ni mfarishi wa mtoto wa inchi 36 kwa 45, kabla hujauongeza pindo.

Kwa hali yetu ya hewa sishauri pamba nene. Kaskazi hata shuka ni mzigo. Mimi huunga uso wa viraka na bafta nyuma, au kanga nzima yenye jina lake, bila kitu katikati, na usiku wa kusi mwezi wa Julai hutosha kabisa.

Unapozishona bloku nyingi, badilisha: moja yenye vyeusi vitano, inayofuata yenye vyeupe vitano. Ukiziweka kwa kupokezana, vyeusi na vyeupe vitaendelea kubadilishana bila kukatika, na mtu hataona bloku moja inaanzia wapi. Angalizo: kwenye bloku hiyo ya pili pia laza kingo upande wa cheusi. Mishono ya ndani itaendelea kugotana kama mwanzo, na utakapoziunga bloku mbili, moja juu na moja chini, mishono inayokabiliana itakuwa imelala pande tofauti, igote vilevile.

Mpaka zitimie ishirini, usizikunje. Chukua sindano yenye uzi mrefu uliofungwa fundo kubwa na kitufe mwishoni, uipitishe katikati ya kila bloku unapoimaliza, zirundikane juu ya kitufe. Zitabaki zimelala, hazitapotea, na kila ukiongeza moja utaona rundo linavyopanda. Ukiwa tayari, zivute moja moja kutoka juu.